Rebeca Gerschman

Rebeca Gerschman (19 Juni 1903 – 4 Aprili 1986) alikuwa mwanafiziolojia na mwanabiokemia kutoka nchini Argentina. Anajulikana hasa kwa nadharia aliyoitoa mwaka 1954 kwamba oksijeni, gesi ambayo binadamu hawezi kuishi bila kuivuta, inaweza pia kuharibu seli za mwili kupitia radikali huru. Nadharia hiyo ni mojawapo ya misingi ya utafiti wa mkazo wa oksidishaji na uzee. Leo inasaidia pia kueleza madhara ya zebaki na vumbi la mawe kwa wachimbaji wa dhahabu, wakiwemo wale wa mikoa ya Geita na Shinyanga nchini Tanzania.

Maisha na elimu

Gerschman alizaliwa Carlos Casares, mji mdogo katika jimbo la Buenos Aires. Alisoma famasia na biokemia katika Chuo Kikuu cha Buenos Aires. Baadaye alifanya utafiti chini ya Bernardo Houssay, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1947. Pamoja na Agustín Marenzi alibuni njia ya kupima potasiamu katika damu, ambayo iliitwa kwa majina yao.

Katika miaka ya 1940 alikwenda Marekani kufanya kazi katika Chuo Kikuu cha Rochester, New York, kwenye maabara ya Wallace Fenn. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia Fenn na wenzake walikuwa wamechunguza upumuaji wa marubani wanaoruka juu sana.

Nadharia ya mwaka 1954

Mfaransa Paul Bert alikuwa ameonyesha tangu mwaka 1878 kwamba oksijeni yenye shinikizo kubwa huleta degedege na kifo kwa wanyama. Sababu yake haikujulikana. Katika miaka ya 1940 na 1950 suala hilo lilipata uzito mpya, kwa kuwa watoto njiti wengi walipofuka baada ya kupewa oksijeni nyingi hospitalini.

Gerschman aligundua kwamba madhara ya oksijeni yanafanana na yale ya miale ya eksirei. Panya waliopata vyote viwili walidhurika zaidi kuliko waliopata kimoja tu. Vilevile, baadhi ya dawa zilizowakinga na miale ziliwawezesha kuishi muda mrefu zaidi ndani ya oksijeni yenye shinikizo. Kutokana na hayo alihitimisha kuwa chanzo cha madhara ni kimoja, yaani radikali huru.

Radikali huru ni atomu au molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake. Kwa sababu hiyo hunyang'anya elektroni kutoka molekuli za jirani, zikiwemo mafuta, protini na DNA. Mwili una kinga dhidi yake. Radikali zikizidi kinga hiyo, hali hiyo huitwa mkazo wa oksidishaji.

Makala yake, aliyoandika na Daniel Gilbert, Sylvanus Nye, Peter Dwyer na Fenn, ilitolewa katika jarida la Science mwaka 1954. Wanasayansi wengi hawakuipokea, kwani waliamini kuwa radikali huru haziwezi kuwa na nafasi ya maana katika viumbe hai. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke walieleza kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuondoa radikali mojawapo ya oksijeni. Ugunduzi huo ulionyesha kwamba mwili wenyewe hujilinda dhidi ya radikali hizo.

Uzee

Mwaka 1956 Mmarekani Denham Harman alipendekeza kwamba uzee hutokana na madhara ya radikali huru yanayolimbikizana mwaka hadi mwaka. Wazo hilo lilichangia kuenea kwa biashara ya vidonge vya vitamini vinavyodaiwa kuchelewesha uzee. Hata hivyo majaribio hayakuthibitisha madai hayo. Utafiti uliofanyika Finland kwa wanaume 29,133 wavutaji sigara, uliotangazwa mwaka 1994, ulionyesha kuwa waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wengine. Tena radikali huru si adui tu, kwani chembe nyeupe za damu huzitumia kuua bakteria.

Migodini

Katika maeneo ya wachimbaji wadogo, mawe yenye dhahabu husagwa kwa karasha, kisha dhahabu hukamatwa kwa zebaki. Mchanganyiko huo unapochomwa, mvuke wa zebaki huvutwa na mchomaji pamoja na walio karibu naye. Zebaki hudhuru ubongo na figo. Hujishika na salfa iliyomo katika glutathioni, mojawapo ya kinga kuu za seli, na hivyo kuziacha seli wazi mbele ya radikali huru. Vumbi la mawe ya kwatzi nalo huchochea radikali katika mapafu na kusababisha ugonjwa wa silikosisi, ambao huongeza hatari ya kifua kikuu.

Rwamagasa, katika Geita, ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizochunguzwa na mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki miaka ya 2000. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Kwa mchimbaji, vidonge vya vitamini si mbadala wa kinga yenyewe: chombo kinachonasa mvuke, kuchoma mbali na nyumba na watoto, na kulowesha mawe ili vumbi lisipande.

Miaka ya mwisho

Gerschman alirudi Argentina akafundisha fiziolojia katika Chuo Kikuu cha Buenos Aires. Hakupata Tuzo ya Nobel. Dhana ya mkazo wa oksidishaji ilielezwa na Mjerumani Helmut Sies mwaka 1985. Gerschman alifariki mwaka uliofuata, mjini Buenos Aires, akiwa na umri wa miaka 82.