Archibald Garrod na dawa isiyopatana na damu



Kila anayetembelea wagonjwa parokiani amekutana na jambo hili. Watu wawili wana ugonjwa mmoja, wamepewa dawa moja kwa kipimo kimoja. Mmoja anapata nafuu, mwenzake anadhoofika. Tunasema dawa haikupatana na damu yake. Mara nyingine, tukiri, tunasema vibaya zaidi: kwamba hamezi dawa zake, au anadeka, au amerogwa. Safari hii tunamkumbuka daktari Mwingereza ambaye, zaidi ya miaka 120 iliyopita, alishuku kwamba usemi ule wa damu una ukweli ndani yake.

Archibald Edward Garrod alizaliwa London tarehe 25 Novemba 1857. Baba yake alikuwa daktari mashuhuri, aliyeonyesha kwamba damu ya wagonjwa wa jongo ina asidi ya yuriki nyingi mno. Kijana alisoma sayansi Oxford, kisha udaktari katika hospitali ya Mtakatifu Bartholomayo, London. Kilichomvutia ni kitu ambacho wengi wetu tungekikwepa: rangi za mkojo.

Huko ndiko alikokutana na alkaptonuria, hali ya nadra ambayo mkojo ukikaa hewani hugeuka mweusi. Wengi walidhani inaletwa na vijidudu vya tumboni. Mwaka 1901 mama mmoja, ambaye tayari alikuwa na mtoto mwenye hali hiyo, alijifungua tena. Garrod akataka nepi za mtoto ziangaliwe tangu mwanzo. Baada ya siku chache tu madoa meusi yakaonekana. Vijidudu gani vingefanya kazi upesi hivyo? Tena wazazi walikuwa mabinamu, watoto wa ndugu. Alipouliza katika familia nyingine zenye hali hiyo, akakuta mabinamu tena.

William Bateson, mwanasayansi wa Cambridge, ndiye aliyemsaidia kuelewa. Hali hiyo ilifuata kanuni za Padre Gregor Mendel, Mwaugustino wa Brno, aliyechunguza njegere katika bustani ya monasteri yake. Makala ya Mendel ya mwaka 1866 ilikuwa imesahauliwa hadi mwaka 1900. Sisi waseminari tunapenda kujivunia njegere za Mendel, lakini ni nadra kukumbuka kwamba mlango uliowaingiza binadamu katika kanuni zake ulikuwa nepi ya mtoto wa London.

Garrod alichapisha matokeo yake mwaka 1902. Humo alikwenda mbali kuliko ugonjwa mmoja. Alipendekeza kwamba kila mtu ana kemia yake, kama alivyo na sura yake, na kwamba huenda hiyo ndiyo sababu watu huitikia dawa kwa namna tofauti. Wenzake walimsikiliza kwa heshima, kisha wakaendelea na shughuli zao.

Tuone leo maana yake kwa mfano mmoja. Warfarini ni dawa ya kuzuia damu isigande, na hutumiwa sana na waliowekewa valvu bandia za moyo. Inafanya kazi kwa kuzuia kimeng'enya kimoja kinachorudisha vitamini K katika matumizi, na bila vitamini hiyo ini haliwezi kutengeneza vizuri protini za kugandisha damu. (Ndiyo maana mgonjwa huyu huambiwa asibadilishe ghafla kiasi cha mchicha anachokula.) Jeni ya kimeng'enya hicho ilitambuliwa mwaka 2004. Kwa watu fulani, herufi moja ya DNA imebadilika, si ndani ya maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya, bali mbele yake, mahali panapoamua kitengenezwe kingi au kidogo. Ni kama bomba la maji: maji ni yaleyale, koki ndiyo iliyofungwa kidogo. Mwenye kimeng'enya kidogo huhitaji warfarini kidogo. Akipewa kipimo cha kawaida anaweza kutoka damu hadi kufa, ingawa ameifuata karatasi ya daktari neno kwa neno. Basi mgonjwa wa namna hiyo tumwite mkaidi?

Garrod hakujua lolote kuhusu DNA wala koki zake. Miaka iliyofuata ilikuwa ya machozi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alitumwa Malta kuwa daktari mshauri wa jeshi. Wanawe wawili walikufa vitani, na wa tatu alikufa kwa homa ya mafua mwaka 1919. Kati ya watoto wanne alibaki Dorothy peke yake, aliyekuwa amejiunga na Kanisa Katoliki, na ambaye baadaye aliongoza uchimbaji wa mapango ya kale katika Mlima Karmeli. Baba alirudi kazini, akawa profesa Oxford mwaka 1920, na mwaka 1931, akiwa na miaka zaidi ya 70, akatoa kitabu kingine akishikilia wazo lilelile. Wasomaji wake walikuwa wachache.

Alifariki Cambridge tarehe 28 Machi 1936. Jeni ya ule mkojo mweusi ilipatikana mwaka 1996.