SITI BINTI SAAD

Zamani watu wengi walikamatwa katika nchi ya kusini, kati ya Ziwa Nyasa na pwani. Nachingwea na Ruangwa zimo katika nchi hiyo. Watu hao walitembezwa kwa miguu mpaka Kilwa. Huko walipakiwa majahazini, na wengi wao wakauzwa Unguja. Wengine walitoka sehemu nyingine za bara. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Lakini waliokwisha kununuliwa walibaki watumwa, wao na watoto wao.

Karibu mwaka 1880 alizaliwa mtoto wa kike katika kijiji cha Fumba, Unguja. Wazazi wake walikuwa watu duni, na asili yao ilikuwa bara. Mtoto huyo aliitwa Mtumwa binti Saad. Jina lenyewe lilionyesha hali ya jamaa zake.

Mtumwa hakupata shule. Alijifunza ufinyanzi kwa mama yake. Alijitwika vyungu, akaenda kuviuza huku akinadi kwa kuimba. Watu waliisikia sauti yake kabla ya kumwona.

Mwaka 1897 ilitolewa sheria ya kuondoa utumwa Unguja. Hata hivyo, dharau haikuisha. Mwaka 1911 Mtumwa alihamia mjini. Huko alifundishwa muziki na kuimba. Kwa kuwa hakujua kusoma, aliyaweka maneno yote moyoni. Alipata sifa, akapewa jina la Siti, yaani bibi wa heshima. Wenye wivu walimcheka kwa asili yake na umaskini wake. Siti hakurudi nyuma.

Siku zile taarabu iliimbwa kwa Kiarabu mbele ya wakubwa. Siti aliimba kwa Kiswahili, na watu wa kawaida wakaelewa. Aliimba pia habari za wanyonge walioonewa.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walikwenda Bombay, Bara Hindi. Huko nyimbo zao zilitiwa katika sahani za santuri. Sahani hizo zilisikika Afrika Mashariki yote.

Siti alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika kitabu cha maisha yake. Hakuna mtu anayechagua nyumba ya kuzaliwa. Binti aliyeitwa Mtumwa alikufa akiitwa Siti, na heshima hiyo aliipata kwa kazi yake.

Maswali
1. Kwa nini mtoto huyu aliitwa Mtumwa?
2. Siti alijifunzaje nyimbo bila kujua kusoma?
3. Je, kijijini kwenu yuko mtu anayedharauliwa kwa asili yake? Mfanye nini?