MAISHA YA DAKTARI HUGHLINGS JACKSON

Wasomaji wa gazeti letu wamepata kumsikia Pasteur na Darwin, bali nadhani ni wachache waliomsikia Daktari John Hughlings Jackson. Mimi nimemchagua kwa sababu ya kifafa, ugonjwa ambao hata leo huwafanya watu wamkimbie mgonjwa aliyeanguka, wakiogopa povu lake, ingawa povu hilo halimwambukizi mtu kifafa.

Alizaliwa tarehe 4 Aprili, 1835, katika kijiji cha Green Hammerton, Yorkshire, nchi ya Uingereza. Baba yake alikuwa mkulima. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado mchanga. Alijifunza udaktari mjini York na London, na mwaka 1862 akaingia kazini katika hospitali ya wagonjwa wa kupooza na kifafa, mtaa wa Queen Square. Kabla ya hapo alitaka kuuacha udaktari akasome falsafa, lakini rafiki yake akamzuia. Namshukuru sana rafiki huyo!

Zamani zile madaktari wengi walidhani chanzo cha kifafa ki chini kabisa ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo. Jackson hakuwa na mashine yo yote. Hata eksirei iligunduliwa mwaka 1895 tu. Alikuwa na macho yake na subira. Aliona kwamba kwa wagonjwa wengine kifafa huanza mahali padogo, labda kidole gumba, kisha hupanda mkono, hufika usoni na kushuka mguuni, kama msafara ufuatao njia moja. Basi akafahamu kuwa kila kiungo kina mahali pake katika gamba la ubongo, na ya kuwa kiungo kinachoanza kutukutika huonyesha mahali penye hitilafu, upande wa pili wa kichwa. Aliyaandika hayo mwaka 1870. Mwaka huo huo, mjini Berlin, Fritsch na Hitzig waligusa ubongo wa mbwa kwa umeme, na miguu yake ikacheza.

Mkewe Elizabeth alifariki mwaka 1876 kwa damu kuganda katika mishipa ya ubongo, naye kabla ya kufa alishikwa na mitukutiko ya namna ile ile aliyoichunguza mumewe. Hawakuwa na watoto, wala Jackson hakuoa tena. Alikuwa mpole na mwenye haya. Tabia yake moja siisifu: alipasua vitabu vya hadithi apate kuvitia mifukoni.

Mwaka 1886 Daktari Horsley alimpasua kijana wa miaka 22 aliyeumizwa kichwa na gari la farasi utotoni. Jackson alikuwapo. Kovu lilionekana katika ubongo, likaondolewa, na Horsley alipotoa taarifa yake mwaka huo, kifafa kilikuwa hakijarudi. Mgonjwa wa pili ndiye anayenistaajabisha zaidi. Kifafa chake kilianzia kidole gumba. Wakafungua mahali pa kidole hicho, wakakuta uvimbe.

Lakini si kila hitilafu ilipatikana mapema. Jackson alikuwa na mgonjwa aliyekuwa daktari. Siku moja, kifafa kikiwa kimemshika bila kumwangusha, alimpima mtu, akaandika kuwa ana nimonia, naye alikuwa nayo kweli. Baadaye hakukumbuka lo lote. Alipofariki mwaka 1894, ubongo wake ulifunguliwa, pakaonekana kidonda kidogo sana upande wa kushoto, kwa ndani, karibu na sikio.

Jackson mwenyewe alifariki London tarehe 7 Oktoba, 1911. Siku hizi kidonda kama kile hutafutwa mgonjwa akiwa hai, kwa mashine ya MRI, ambayo hutumia sumaku kupiga picha za ubongo bila kisu. Zile za tesla 3, na hasa za tesla 7, huweza kuonyesha hata sehemu ndogo ya gamba la ubongo iliyojipanga vibaya tangu mtoto alipokuwa tumboni. Hata hivyo picha nyingine hazionyeshi kitu. Na kabla ya kupasua, madaktari bado humwuliza mgonjwa na jamaa zake kifafa kilianzia wapi: kidoleni, mdomoni, au mguuni.