Marehemu Shaaban Robert: Karani Aliyeinua Lugha ya Wanyonge

Katika ukurasa huu tunawaletea maisha ya Marehemu Shaaban Robert, Mwislamu aliyekuwa karani wa serikali na mwandishi mkubwa wa Kiswahili.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 Vibambani, karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, na baada ya hapo akaingia kazini. Enzi hizo za Waingereza shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika zilikuwa mbalimbali, na vyeo vya juu serikalini havikuwa vya Mwafrika, hata awe hodari vipi. Alikuwa karani wa forodha hadi 1944. Kisha alihamishiwa Idara ya Mifugo huko Mpwapwa, mkoani kwetu Dodoma, akakaa hadi 1946 ndipo akarejea Tanga.

Ofisini, Kiingereza ndicho kilichompandisha mtu. Yeye aliandika kwa Kiswahili, lugha ambayo mkulima na mchukuzi waliielewa. Binti yake alimtungia Utenzi wa Hati ili apate mafunzo ya maisha, wakati ambapo wasichana wengi hawakupelekwa shule. Katika Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951, alimweleza Karama, anayeshtakiwa kwa kosa la kutaka watu wafundishwe elimu ya sheria. Aliandika pia wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke wa Unguja aliyetoka katika ufukara na kuuza vyungu. Basi mnyonge naye akaonekana kuwa anastahili kuandikiwa kitabu.

Alifariki Juni 1962, miezi michache tu baada ya Uhuru. Mwaka 1967 Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi.

Ndugu wanafunzi, sekondari mtakutana na Kiingereza. Jifunzeni kwa bidii, maana ni ufunguo wa kazi nyingi. Lakini tusimcheke mwenzetu anayekosea Kiingereza, wala yule aliyetoka kijijini na Kiswahili chake kina lafudhi ya Kigogo. Kukosea lugha si kukosa akili, na anayechekwa leo kesho hanyoshi mkono tena darasani. Hapo tunakuwa tumemfungia mlango wa elimu sisi wenyewe.

Mwenyezi Mungu amrehemu Marehemu, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.