Mwalimu Nyerere Baada ya Kung'atuka: Butiama, Geneva na Mgogoro wa Burundi

Aghalabu maisha ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere husimuliwa kama historia ya uhuru, Muungano na Azimio la Arusha. Miaka yake ya mwisho, tangu alipong'atuka urais mwaka 1985 hadi alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, huguswa kwa aya moja au mbili tu. Makala haya yanadhamiria kuichunguza miaka hiyo, kwani ndiyo inayodhihirisha kile anachoweza, na asichoweza, kiongozi asiye na dola mkononi.

Alizaliwa Butiama mwezi Aprili 1922, mwana wa Nyerere Burito, chifu wa Wazanaki. Ni vyema msomaji akumbuke kwamba eneo hilo, pamoja na majirani wa Tarime na Serengeti, yaani Wakuria, Wangoreme, Waikoma na Wanata, halikuwa na wafalme. Uchifu uliimarishwa na wakoloni. Mambo mazito yaliamuliwa na marika na mabaraza ya wazee, kama lile la inchama kwa Wakuria, na mapatano yalifungwa kwa kiapo. Wapo wanaoona humo chimbuko la subira yake mezani. Dai hilo linavutia lakini halithibitiki kwa urahisi: alianza shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12, na tangu hapo Tabora, Makerere na Edinburgh zilimchukua ujana wake.

Isitoshe, nyumbani Mara amani haikuwa jambo lililokamilika. Vita vya Kagera vya 1978-1979, ambavyo yeye mwenyewe aliviongoza akiwa Amiri Jeshi Mkuu, viliwachukua vijana wengi wa Kikuria. Baadhi ya silaha zilizorejea nazo ziliingia Tarime, na wizi wa mifugo wa tangu jadi ukageuka kuwa wa bunduki. Hadi miaka ya 1990 wanakijiji walikuwa bado wakijipanga kwa sungusungu ili kuudhibiti. Waandishi wa wasifu wake hupita hapo kimyakimya.

Ama kuhusu maendeleo ya kimataifa, kazi yake kubwa ilikuwa kuiongoza Tume ya Kusini kuanzia 1987 hadi 1990, Katibu Mkuu akiwa Manmohan Singh wa India. Mwalimu alikwisha kuvutana na Shirika la Fedha la Kimataifa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, hivyo hoja ya Tume kwamba nchi maskini zijitegemee na zitegemeane haikuwa ngeni kwake. Kituo cha Kusini kilichotokana na kazi hiyo, chenye makao Geneva, kilipata hadhi ya taasisi ya kiserikali ya kimataifa mwaka 1995, naye alikiongoza hadi kifo chake.

Burundi ilikuwa mtihani wa namna nyingine. Rais Melchior Ndadaye aliuawa Oktoba 1993, mauaji yakaenea, na mamia ya maelfu ya wakimbizi wakaingia Tanzania. Mwaka 1996 Mwalimu alianza kuzikutanisha pande hasimu mjini Mwanza. Tarehe 25 Julai mwaka huohuo Pierre Buyoya alitwaa madaraka kwa nguvu. Siku sita baadaye viongozi wa kanda, wakikutana Arusha, waliweka vikwazo vya uchumi. Mwalimu aliviunga mkono. Hapa ndipo penye utata: serikali ya Bujumbura ilimwona kuwa ameegemea upande mmoja, na Agosti 1997 ilikataa kuhudhuria mazungumzo. Kwa maoni yetu, vikwazo vilimpunguzia sifa ya kutopendelea, lakini bila vikwazo hivyo ni vigumu kuona kilichoweza kumleta Buyoya Arusha tarehe 15 Juni 1998. Vilisitishwa Januari 1999.

Wanaisimu watapendezwa na jambo dogo. Magazeti yetu yalizoea kumwita msuluhishi, ilhali cheo chake rasmi kilikuwa cha mwezeshaji. Msuluhishi hupendekeza suluhu. Mwezeshaji huandaa uwanja tu. Katika vitendo Mwalimu aliuvuka mpaka huo mara kwa mara.

Kosa lake zito, pengine, lilihusu viti vya mezani. CNDD ilipogawanyika mwaka 1998, alimtambua Léonard Nyangoma na kuliacha nje kundi la FDD lililokuwa na wapiganaji. Alihofia kwamba kila kundi lingejigawa ili lipate kiti. Hofu hiyo ilikuwa na msingi; hata hivyo, matokeo yake ni kwamba walioshika bunduki hawakuwamo. Baada ya kifo chake Nelson Mandela alipokea kazi hiyo, na Mkataba wa Arusha ukatiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000 pasipo usimamishaji wa mapigano. FDD ya Pierre Nkurunziza ilitia sahihi yake Desemba 2002, mjini Arusha pia.