Sewa Haji wa Bagamoyo na Mwenziwe wa Biashara



Katika darasa letu la hapa Manga wafanya biashara wa Kisii na wa Nyamira hutuuliza mara nyingi juu ya haki ya rafiki aliyekufa, ambaye mtu alikuwa akishirikiana naye katika duka au katika safari za bidhaa. Kabla ya kueleza hukumu, tumeona vema kusimulia habari za mfanya biashara mmoja wa pwani na za mwenziwe aliyeishika kazi baada yake, kwani mfano hufahamisha.

Mfanya biashara huyo ni Sewa Haji Paroo. Alizaliwa Bagamoyo mwaka 1851, mwana wa Khoja aliyetoka nchi ya Kachi huko Bara Hindi akaja kutafuta riziki Unguja na mrima. Watu wake walikuwa Ismailia, wafuasi wa Aga Khan, na sisi tu watu wa Sunna. Twalisema hili mapema ili asije mtu akatuambia tumesahau. Tofauti za itikadi zina mahali pake na vitabu vyake. Lakini Mwenyezi Mungu ametuamrisha uadilifu hata kwa watu tusiopatana nao, na katika uadilifu ni kuutaja wema wa aliyetenda wema.

Sewa aliingia katika biashara ya baba yake akiwa bado kijana. Bagamoyo ya siku zile ilikuwa mlango wa bara. Misafara ya Tabora na Ujiji ilianzia hapo na kurejea hapo, na Wanyamwezi walishuka kwa maelfu, kila mpagazi na mzigo wake wa ratili 60 na zaidi. Anayetaka kwenda bara alihitaji merikani, kaniki, shanga na masango, na alihitaji wapagazi. Vyote hivyo Sewa alivipata na kuvitoa, na pembe na ngozi zilizoshuka alizinunua.

Biashara hii ilisimama juu ya mali kauli. Tajiri wa pwani alimkabidhi mtu bidhaa, naye akaenda zake bara mwaka mzima au miwili, pengine zaidi, bila ya kuonekana. Hakuna benki wala simu. Akifa njiani, au akiamua kutorejea, tajiri hana la kufanya. Kwa hiyo rasilimali kubwa ya mtu katika Bagamoyo ilikuwa ni kujua nani wa kuaminiwa, na yeye mwenyewe kuaminiwa.

Wala hatutaki kumfanya Sewa malaika. Mwaka 1871, Stanley alipofika Bagamoyo kutayarisha msafara wa kumtafuta Livingstone, alishughulika na Sewa katika jambo la wapagazi, naye Sewa ni kijana wa miaka 20. Baadaye Stanley akamwandika katika kitabu chake kwa lawama nyingi, akimtuhumu hila na udanganyifu. Hayo ni madai ya upande mmoja, na kadhi hahukumu kwa kumsikiliza mdai peke yake, lakini pia hatuyafuti. Tena yatupasa kukumbuka kwamba biashara ya pembe katika zama hizo ilifungamana na dhuluma: pembe nyingi zilitoka katika nchi ambazo watu wake walishambuliwa na kutiwa utumwani. Aliyekuwa akizinunua pwani hakuwa mbali sana na jambo hilo. Hesabu yake iko kwa Mola wake.

Lakini lililomtofautisha Sewa na matajiri wengi wa wakati wake ni namna alivyoitoa mali. Aliwachimbia watu visima wapate maji. Mwaka 1892 alimkabidhi gavana wa Kijerumani, von Soden, jumba la ghorofa huko Bagamoyo liwe skuli ya watoto, akashurutisha kwamba wasibaguliwe kwa jinsi zao. Litazameni sharti hilo, enyi ndugu. Katika mwaka ule Mjerumani alikuwa akiwagawa watu kwa rangi, na Wahindi wenyewe walikuwa wakigawanyika kwa jamaa na kwa madhehebu. Akatoa pia kwa ajili ya matibabu ya wagonjwa, Bagamoyo na Dar es Salaam, na akawakumbuka wenye ukoma, ambao watu huwakimbia.

Sewa Haji alifariki Unguja mwezi wa Februari 1897, naye hajatimiza miaka 50. Hospitali ya Dar es Salaam iliyojengwa kwa mali yake ilianza mwaka huo huo, ikaitwa kwa jina lake, ikawatibu Waafrika na Wahindi kwa miaka karibu 60. Ilipofika mwaka 1956 kazi yake ikahamia katika hospitali mpya, ambayo leo ni Muhimbili, na huko jina la Sewahaji limebakia katika wodi hata sasa. Wagonjwa wanaolala humo, wengi wao hawajui Sewa alikuwa nani. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufunza kwamba mtu akifa amali yake hukatika, isipokuwa sadaka yenye kuendelea, au elimu yenye manufaa, au mtoto mwema mwenye kumwombea.

Sasa tumtaje mwenziwe. Huyu ni Allidina Visram, naye ni mtu wa Kachi, aliyekuja pwani ya Afrika akiwa mtoto bila ya mali. Sewa Haji alimpokea katika kazi yake. Kwake Allidina alijifunza kupanga msafara, kupima pembe na kumtambua mtu wa kuaminiwa, mpaka akawa mtu mkubwa katika biashara ile. Alipokufa Sewa, Allidina ndiye aliyeishika kazi ya misafara.

Angaliweza kukaa Bagamoyo akila matunda ya mti uliopandwa na mwingine. Lakini aliona kwamba zama za mpagazi zinakwisha. Reli ilikuwa imeanza Mombasa mwaka 1896, nayo ikafika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Allidina akaifuata, akifungua maduka katika vituo vyake, kisha akaenda Uganda na kandokando ya ziwa mpaka Gondokoro katika mto Nili. Ilipofika mwaka 1904 maduka yake yalipita 30. Sisi watu wa milima ya Gusii twaijua njia hiyo, kwani nguo, chumvi na majembe ya dukani yaliyopanda huku kwetu yalipitia reli ile na ziwa lile.

Allidina alifariki mwaka 1916. Biashara yake haikudumu sana baada yake, maduka yakafungwa au yakaingia mikononi mwa wengine. Lililobakia ni skuli ya Mombasa iliyojengwa na mwanawe, Abdul Rasul, mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa jina la baba yake, na ambayo ingali ikisomesha. Basi yafikirini haya mawili. Bwana alikumbukwa kwa hospitali, na mwanafunzi wake akakumbukwa kwa skuli. Pembe zilikwisha, misafara ikakoma, maduka yakafungwa. Kilichotolewa kwa ajili ya watu ndicho kilichosalia.

Tukirejea kwenye suala letu, twasema hivi. Mapenzi ya rafiki wa biashara hayajulikani kwa machozi ya siku ya mazishi. Twawaona watu wanaolia kaburini, na hata arubaini haijapita daftari imekwisha fichwa, mjane anaambiwa marehemu hakuwa na kitu dukani, na mayatima wanatolewa skuli kwa kukosa ada. Hiyo ni khiyana kwa mtu asiyeweza tena kujitetea.

Sharia iko wazi. Shirika huvunjika kwa kufa mmoja wa washirika, na fungu lake huwa ni la warithi wake. Aliyebaki hana ruhusa ya kuendelea kuifanyia kazi mali hiyo ila kwa ridhaa yao, na akiwapo yatima, kwa ridhaa ya walii wake. Madeni ya marehemu hulipwa kwanza, kisha wasia wake usiozidi thuluthi, kisha hugawanywa mirathi. Na ili haya yawezekane, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuandike deni na tuweke mashahidi. Wengi wetu twaona haya kuandikiana na rafiki, tukidhani ni kumtuhumu. La, ndugu zangu. Daftari iliyo sawa ni amana kwa watoto wake, na ni sitara kwako wewe siku utakayokuwa umelala kaburini naye ndiye aliyebaki.

Basi kila mwenye mshirika na akae naye juma hili, waandike nini ni cha nani, na washuhudishe watu wawili waadilifu. Kisha washauriane ni kitu gani watakachokitoa pamoja, kisima au darasa au dawa ya mgonjwa, kiwafuate wote wawili.

Twamwomba Mola atupe uaminifu katika uhai wetu, na awarehemu marafiki zetu waliotutangulia. Amin.