Bibi Florence Nightingale baada ya Taa Kuzimwa

Kila tarehe 13 Agosti Kanisa la Uingereza humkumbuka Bibi Florence Nightingale, aliyezaliwa mwaka 1820. Wengi wetu twamjua kwa ile taa yake, akipita usiku kati ya vitanda. Leo twataka kusimulia zaidi habari zilizofuata.

Novemba 1854 alifika hospitali ya Scutari, Uturuki, pamoja na wanawake 38, kuwauguza askari wa Vita vya Krimea. Kazi haikuwa vidonda tu. Aliwaandikia askari barua, akapeleka fedha zao kwa wake na mama zao, na askari alipofariki aliwaarifu wazazi. Siku hizi kazi hiyo twaiita ya afisa ustawi wa jamii. Sisi wa Kilosa na Mikumi twaielewa. Majeruhi huletwa kutoka barabara kuu ipitayo mbugani, hana fahamu wala ndugu, na lazima mtu awatafute jamaa zake na kuwapa habari. Jioni mtu huyo hurudi nyumbani, na ni nadra sisi kumwuliza ameshindaje.

Februari 1855 vifo vya Scutari vilifikia karibu wagonjwa 42 kwa kila 100. Mifereji ya maji machafu iliposafishwa, kuanzia Machi, vifo vikapungua sana.

Agosti 1856 Bibi Florence alirudi kwao kimyakimya, akisafiri kwa jina lisilo lake, ingawa watu walitaka kumfanyia sherehe. Alikuwa amekonda mno, na wale askari waliokufa hawakumtoka moyoni. Kisha akakaa na bwana William Farr, mjuzi wa takwimu, kuchunguza hesabu za vifo. Hesabu zikaonyesha kwamba wengi waliuawa na uchafu wa hospitali zenyewe, na ile aliyoitumikia yeye ikiwa mbaya kuliko zote. Agosti 1857 akaanguka, na kwa miaka mingi alifanya kazi akiwa kitandani. Wengine husema ni homa aliyoipata Krimea, wengine husema ni majonzi. Sisi hatuoni kwa nini isiwe yote mawili.

Kutoka chumbani humo aliandika ripoti nyingi, na mwaka 1860 shule yake ya wauguzi ikafunguliwa London. Alifariki tarehe 13 Agosti 1910, mwenye miaka 90. Alikuwa amekataa mazishi makuu. Kaburi lake kijijini East Wellow lina herufi mbili za jina lake na tarehe tu.